Namba Sita Zilizomlaza Bosi Wodini

Mtaa wa Narung'ombe watu wengi walimjua Mboni kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Wapo waliokwisha kununua mapazia kwake mara tatu, nne, na siku walipokutana naye soko la Ilala akichagua bamia walimpita kama hawamjui. Ila alipofungua mdomo kumuuliza muuzaji, "Hizi bamia au vidole vya babu yako?" wote wakageuka.

"Ee! Da Mboni wa spika!"

Kazi yake ilikuwa kuita wateja. Alikaa kwenye stuli ndefu mlangoni mwa duka la mapazia la Bwana Saif, maiki mkononi, spika mbili kubwa kama makabati zimeelekezwa barabarani, na kuanzia saa tatu asubuhi alimwaga maneno. "Pazia zito, pazia jepesi, pazia la kumficha mume mvivu jirani asimwone amelala saa nne! Ingia ndani dada, kuangalia bure, kugusa bure, kuondoka bila kununua ndiyo dhambi!" Mtu aliyekuwa anaenda zake kununua sufuria alijikuta ndani ya duka akishika mahameli.

Kipaji hicho alikigundua akiwa na miaka kumi na tisa, alipotoka Newala kuja kumsaidia shangazi yake aliyeuza mitumba. Shangazi alikuwa mpole, akiita mteja utadhani anaomba radhi. Mboni akawa anaita kwa niaba yake. Sasa ilikuwa imepita miaka ishirini na tano, na mdomo huo umesomesha watoto wawili na kuinua vyumba vitatu Chanika, kimoja bado hakina bati.

Bwana Saif hakuwa mtu mbaya. Duka alirithi kwa baba yake, na familia yao ilikaa Kariakoo tangu enzi za babu. Ijumaa alilisha wafanyakazi wake biriani, na mfanyakazi akifiwa, Saif alikuwa wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Mfanyakazi akikosea, Saif hakumwita pembeni. Aliandika kosa kwenye kikaratasi, akakikunja mara mbili, akampelekea Mboni akisome kwenye spika.

"Aibu ni mwalimu asiyedai mshahara," alipenda kusema.

Na Mboni, tuseme ukweli, hakuishia kusoma. Alitia chumvi, akakamulia na ndimu.

"Wateja wetu wapendwa, tunasikitika kuwatangazia kwamba Heriel, fundi wetu wa fimbo za mapazia, jana kapima sebule ya watu Upanga. Leo kawapelekea fimbo ya dirisha la choo! Kama unamfahamu mama yake, mpigie umpe pole."

Mtaa mzima ulicheka, hata wapiga debe wa maduka ya jirani walizima spika zao wasikose. Heriel, Mpare wa miaka kama thelathini, mwenye mikono mikubwa na haya nyingi, aliinamia msumeno wake, masikio yameiva. Mboni alimwona. Akajisemea ni utani tu, kesho atasahau.

Heriel hakusahau. Tangu siku hiyo aliacha kuuliza. Asipoelewa kipimo alikisia, maana aliyeuliza alijulikana hajui, na asiyejua alikuwa na kikaratasi chake njiani.

Mfanyakazi wa tatu alikuwa Ritha, binti wa miaka ishirini na sita aliyeshika simu ya duka. Mauzo makubwa siku hizi yalipita kwenye hiyo simu. Watu wa Mbeya, wa Mwanza, wa Upanga hapo karibu, walituma picha za madirisha yao kwenye wasap ya duka, Ritha akawajibu, Heriel akakata fimbo, mzigo ukaenda.

Jumatatu moja, saa saba mchana, Ritha alitoka kwenda kula.

"Da Mboni, nakuachia simu. Mtu akiuliza bei mwambie anisubiri."

Hakuuliza mtu bei. Aliyeandika alikuwa Bi Amira wa Upanga, mteja wao wa miaka, picha yake ile ya mtandio wa manjano ikionekana wazi. *Mpenzi wangu, nisaidie. Nimejiunga na kikundi cha mapishi, nimekosea nimeweka namba yenu badala ya yangu. Kuna namba sita zimeingia kwenu sasa hivi. Nitumie haraka kabla hazijafa.*

Kweli, ujumbe wenye namba sita ulikuwa umeingia. Chini ya namba kulikuwa na maneno mengine ya kuonya usimpe mtu yeyote, lakini Mboni hakuyafikia. Maneno mengi ilikuwa kazi yake yeye, siyo kazi ya simu. Na kwa vile vidole vyake vilikuwa vizito kuandika, alibonyeza pa kurekodi akatuma sauti, tena ile ya spika.

"Nne! Moja! Tisa, tisa! Sifuri! Sita! Bi Amira mzigo wako huo, karibu tena!"

Alijisikia vizuri kwa dakika mbili nzima. Dakika ya tatu simu ikamwambia kwamba akaunti ile sasa inatumika kwenye simu nyingine. Mboni alisoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili kwa kunong'ona. Kisha akaichomeka simu kwenye chaji, akaigeuza kifudifudi na kuifunika na kipande cha mahameli jeusi, kama mtu anayefunika maiti wa ajali barabarani.

Ritha alirudi anajifuta mdomo. "Simu imefanyaje, da Mboni?"

"Mtandao," alisema Mboni, akapanda kwenye stuli yake.

Alasiri hiyo aliita wateja vibaya. Mara mbili alisema "pazia la kula" badala ya "pazia la chumba cha kulia". Kichwani alikuwa anakisikia kikaratasi chake. Vya wenzake alikuwa anavisoma yeye. Chake nani atakisoma? Atakisoma yeye mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, Narung'ombe nzima ikisikiliza. Alijaribu moyoni: "Wateja wetu wapendwa, Mboni, mwanamke wa miaka arobaini na nne, amempa mwizi funguo za duka kwa wimbo." Hata kimoyomoyo ilichekesha mno. Aliamua kunyamaza.

Asichojua ni kwamba hakuwa peke yake. Asubuhi ile ile Ritha alikuwa amebonyeza linki iliyoahidi bando la bure, ikafunguka kitu cheupe kisichokuwa na bando, naye akaifunga haraka. Sasa simu imekufa na yeye ana uhakika ndiye aliyeiua. Na Heriel, kabla ya saa nne, aliiazima kupiga picha ya kipimo ikamponyoka ikagonga sakafu. Aliifuta vumbi akairudisha. Watu watatu, kila mmoja amebeba kosa lile lile tumboni kama mimba ya siri.

Jumanne Saif aliuliza, "Mbona leo oda hazisikiki?"

"Simu inajisasisha, bosi," alisema Ritha.

"Betri, bosi," alisema Heriel, ambaye hakuulizwa. "Betri za siku hizi!"

"Mtandao," alisema Mboni.

Saif aliwatazama wote watatu, simu moja imepata magonjwa matatu. "Basi isasishwe, ichajiwe, na ipate mtandao," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Jioni, mume wa Mboni, Khalfani, dereva wa bajaji, alimwona anaufinyanga ugali bila kuula.

"Umeua mtu?"

"Sijaua."

"Umeiba?"

"Nimeibiwa. Kitu cha bosi." Akamweleza.

"Kaseme kesho asubuhi yaishe," alisema Khalfani.

"Wewe hujui. Hujawahi kusomwa kwenye spika."

"Mboni, nimekuoa miaka ishirini. Nasomwa kila siku."

Mboni alicheka, lakini Jumatano asubuhi hakusema. Alipanga kusema saa nne. Saa nne ilipofika akasogeza mpaka baada ya chai. Baada ya chai wakaja wagonjwa, au tuseme walikuja watu kumwona mgonjwa.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Keko, mfuko wa machungwa mkononi, macho mekundu.

"Mwanangu, Bwana Saif amelazwa wodi gani?"

"Wodi?" alisema Mboni.

"Si ametuandikia mwenyewe? Kazidiwa ghafla, anaomba wateja wake wamchangie dawa. Mimi nimetuma kidogo nilichonacho, lakini moyo ukakataa, nikasema nije nimwone."

Wakati huo Saif alikuwa nyuma ya kaunta, chapati mkononi, mchuzi umemfika kwenye kiwiko. Mama wa Keko alimwona, akaweka machungwa chini taratibu, akarudi nyuma hatua mbili.

Kabla hawajamaliza kuelewana waliingia wanawake wawili na chupa ya uji. Baada yao akaja mzee mmoja wa Mbagala, ambaye hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa Saif akamgusa paji la uso kwa kiganja. "Mbona huna homa?" alisema, kama aliyedanganywa na mgonjwa mwenyewe.

"Nina homa ya nini?" Saif alifoka. "Nani anaumwa hapa?"

Barabarani pakaanza kutulia. Hamis, mpiga debe wa duka la viatu lililowatazama, alikuwa amepunguza spika yake mpaka ikabaki mnong'ono, "viatu... viatu vya ngozi...", kisha akaizima kabisa. Alivuka barabara, kofia mkononi.

"Da Mboni, nimesikia. Pole sana. Mazishi saa ngapi?"

"Mazishi ya nani?" ilitoka sauti ya Saif ndani.

Hamis aliruka nusu mita. "Bosi! Mimi nilipunguza sauti kwa heshima tu!"

"Kaipandishe!"

Ndipo bajaji ikasimama mlangoni, akashuka Bi Amira mwenyewe na mtandio wake wa manjano, mwanamke wa miaka sitini anayetembea kama anakwenda kushitaki.

"Asalaam aleikum. Saif, najua huumwi, kwa hiyo sijaleta kitu," alisema. "Jumatatu asubuhi mtu kajifanya mdogo wangu wa Tanga, kaniomba namba sita, nikampa. Akaunti yangu ikaenda. Jana jioni nikapata ujumbe kutoka duka lako, eti *mpenzi wangu, nimelazwa*. Nikasema huyu ni yule yule, mwizi wangu huita kila mtu mpenzi. Sasa nauliza: hapa Jumatatu nani kaombwa namba kwa jina langu?"

Mboni aliangalia feni ya darini. Feni ilikuwa inazunguka vizuri, haikuwa na la kumsaidia. Kumbe tangu lini Bi Amira akamwita mtu mpenzi? Miaka yote amekuwa akimwita "wewe".

Ritha alianza kukunja pazia lililokwisha kukunjwa. Saif alivuta kikaratasi. Mara hii aliandika akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Hakukunja.

"Soma."

Mboni alipanda kwenye stuli. Barabara nzima ilikuwa imesimama, kwa sababu mtu akifufuka Kariakoo hakuna anayeendelea na shughuli zake. Kikaratasi kilisema: *Kuna mtu humu kaliuza duka langu. Asipojitaja kabla ya adhuhuri, wote watatu hamna kazi.*

Aliwasha maiki. Akamwona Heriel ameshika msumeno bila kukata. Akamwona Ritha analia bila sauti, na hapo akakumbuka kikaratasi kingine, cha kabla ya mfungo. Ritha alikuwa amemwambia bosi wao waweke kufuli la pili kwenye wasap, neno la siri la ziada, ili hata mtu akipata zile namba sita asiingie. Saif akacheka, akaandika: *Ritha anataka kufuli juu ya kufuli. Mwenye dawa ya woga atuletee.* Mboni akaongezea lake: "Na mwenye kanga aje amfunge, asije akatukimbia akiona kivuli chake!" Mtaa ukavunjika mbavu. Ritha hakuwahi kupendekeza kitu tena pale dukani, na Mboni siku ile alirudi nyumbani akiimba.

Akakiweka kikaratasi chini ya paja, akakikalia.

"Wateja wetu wapendwa," alianza, na sauti ikamtoka nyembamba, akakohoa akaanza upya. "Wateja wetu wapendwa! Tangazo la kwanza: Bwana Saif haumwi, hajalazwa, hajafa. Yumo ndani, kavaa shati la bluu, chapati ya tatu. Aliyeombwa mchango asitume, ni mwizi. Tangazo la pili." Akaisogeza maiki karibu na mdomo. "Huyo mwizi mlango kafunguliwa na mimi, Mboni. Jumatatu saa saba na robo kaniomba namba sita. Sikumpa hivi hivi, jamani. Nilimwimbia! Nikamkaribisha tena! Kisha nikaidanganya simu kwamba ni mtandao, nikamdanganya bosi, nikaudanganya hata mtandao wenyewe. Siku mbili. Mama wa Keko, nisamehe, fedha yako imeliwa kwa sauti yangu."

Alitarajia kicheko. Kilikuja kidogo tu, tena cha watu wa mbali ambao hawakusikia vizuri.

Heriel ndiye aliyesogea kwanza. Alikuja mpaka mlangoni, akaitazama maiki kama nyoka, akainama kuizungumzia. "Si yeye. Simu niliiangusha mimi."

"Siyo!" Ritha alipiga kelele kutoka ndani. "Ni mimi! Nilibonyeza linki ya bando la bure!"

"Nimesema ni mimi," alisema Mboni kwa ukali, kama mtu anayenyang'anywa zawadi.

"Duka hili lina wahalifu wangapi?" aliuliza Bi Amira.

Kutoka ng'ambo spika ya Hamis iliwaka ghafla. "Da Mboni, hata sisi yalitukuta mwezi uliopita! Namba nilitoa mimi! Bosi wangu mpaka leo anajua ni hitilafu ya kampuni!" Kisha ikasikika sauti nyingine ya kiume, "Nini?" na spika ikazimika.

Sasa watu wakacheka kweli.

Saif hakucheka. Alisimama katikati ya duka, machungwa ya watu miguuni, kila jicho juu yake. Mboni alidhani atachukua maiki aseme. Hakuichukua. Alimgeukia Ritha, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo kitu inarudishwaje?"

Bi Amira alijua, kwa sababu mwanawe alishairudisha ya kwake. Ritha aliandika upya namba ya duka kwenye wasap, ujumbe wa namba sita mpya ukaingia kwenye laini yao, akazijaza mwenyewe, na safari hii Mboni alifumba macho asizione. Simu ikafikiri. Ritha akashusha pumzi.

"Tumemtoa. Lakini alikuwa kashaweka lile kufuli la pili, la kwake. Neno lake hatulijui, tunatakiwa tusubiri siku saba ndipo tuingie."

"Mbona mimi sikusubiri?" alisema Bi Amira. "Nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia, mwanangu kaja mbio kutoka kazini, jioni ile ile nikawa nimeipata. Mwizi hakuwahi kufunga."

Saif akakaa juu ya jora la kitambaa. "Kwa hiyo mngeniambia Jumatatu..."

Akaokota chungwa moja, akaligeuzageuza.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Heriel, mtu ambaye kwa wiki husema maneno ishirini, ndiye aliyejibu.

"Ungeandika, bosi."

Saif aliinuka. Akamwomba mama wa Keko aketi, na kabla hajaondoka alimfungia mapazia ya madirisha yake mawili, akakataa kusikia neno juu ya malipo.

Siku saba bila wasap zilikuwa ndefu. Ritha alitoa daftari la zamani la wateja akawapigia mmoja mmoja kwa sauti. Wengine waliamini, wengine walimwambia yeye ndiye mwizi wakakata. Mboni naye alikuwa na kazi ya ziada ya kuutangazia mtaa kila saa kwamba bosi yu hai.

Lakini desturi haifi kwa siku moja. Alhamisi tu kikaratasi kilikuja: *Heriel amechelewa nusu saa.* Mboni alivaa miwani. Alikitazama kikaratasi kwa makini, mbali, karibu, akakigeuza.

"Wateja wetu wapendwa, bosi anasema Heriel ni fundi hodari, hana mfano hapa mjini, na leo amewahi kuliko jua!"

Saif alitoka nyuma mbio. "Sikuandika hivyo!"

"Mwandiko wako, bosi, nyayo za kuku. Mimi nasoma ninachoona." Aliyasema hayo maiki ikiwa wazi, na wateja watatu waliokuwa wanapima kitambaa walicheka mpaka wakaongeza mita.

Ijumaa alileta kingine, Ritha kaacha dirisha la stoo wazi. Kikasomwa kwamba Ritha, kwa uangalizi wake bora, ameachiwa leo atoke mapema. Ritha akachukua mkoba wake. Jumamosi alipoleta cha tatu alikiandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama za chekechea: MBONI AJIFUNZE KUSOMA.

Mboni alikisoma kimoyomoyo, akashika kifua kwa furaha.

"Jamani! Bosi Saif anasema Mboni apumzike Jumatatu yote, na posho yake palepale! Mungu akuzidishie, bosi! Narung'ombe, mpigieni makofi!"

Narung'ombe ikampigia makofi, na Hamis akaongeza kigelegele kwa spika. Bwana mkubwa anayeshangiliwa na mtaa mzima hawezi kusimama akasema hajatoa. Mboni alipumzika Jumatatu hiyo Chanika, akikitazama chumba kisichokuwa na bati, na vikaratasi havikuja tena.

Siku ya nane wasap ikafunguka. Wote wanne wakajikusanya kaunta, Ritha katikati, kuchagua neno lao la kufuli la pili, namba sita.

"Tarehe niliyoolewa," alisema Mboni.

"Hiyo umeshaitangaza kwenye spika," alisema Ritha. "Isiwe tarehe, isiwe namba ya simu, isiwe moja mbili tatu."

"Mimi nilikuwa nataka moja mbili tatu," Saif alikiri.

Ritha akachagua mwenyewe, akawaonyesha. Saif, ambaye hukumbuka vitu kwa kuvisema, alisogea mlangoni, akajiegemeza kwenye stuli ya Mboni, akaanza kuzirudia kwa sauti ya kuhesabu tasbihi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Bosi Saif!" ilitoka sauti ng'ambo. "Rudia zile mbili za mwisho, wateja wangu hawajazipata vizuri!"

Wote wakaitazama stuli. Chini ya kiwiko cha Saif kitaa chekundu cha maiki kilikuwa kinawaka.

Kila mtu alimsubiri mwingine aseme ni betri, ni mtandao, inajisasisha. Saif aliinua kiwiko polepole, kana kwamba kingelipuka.

"Ni mimi," alisema. "Nimeegemea mimi. Kosa langu."

Hayo nayo yalitoka spikani.

"Umesamehewa!" alipiga kelele Hamis, na mtaa ukamwitikia. Saif alifunika uso kwa viganja viwili. Mabega yalimtikisika, na Mboni alihitaji muda kugundua kwamba anacheka. Ritha alizima maiki, akachomoa na waya wake, ndipo wakachagua namba nyingine, ambazo hata msimuliaji huyu hakuambiwa.

Wateja hawakurudi wote. Yule mzee wa Mbagala mpaka leo akipita humgusa Saif paji la uso kwanza. Ritha alipewa kazi ya kusimamia akaunti zote za duka, na Saif alikubali kwa manung'uniko kila paswedi aliyobadilishiwa. Heriel akawa anauliza. Kwa kweli sasa anauliza kupita kiasi. Kuna siku Saif hujificha stoo.

Wiki mbili baadaye Heriel alisimamisha msumeno katikati ya kazi. "Bosi, hiki kipimo sikielewi."

Kalamu ilikuwa kwenye sikio la Saif. Mkono ukaenda juu, ukajikuna, ukarudi chini bila kalamu. "Lete tuone." Waliinamia karatasi wote wawili, wakaipindua, hawakuelewa. Ritha akampigia mteja, mama mmoja wa Kigamboni, akaweka simu kila mtu asikie.

"Ah, hiyo?" alisema yule mama. "Futi sikuwa nayo. Nilimlaza mume wangu dirishani nikahesabu mikono yake. Mikono miwili na kiganja."

Ritha alikata simu kabla hajaangua kicheko. Heriel alikaa sakafuni. Mlangoni, Mboni alikuwa ameshika maiki kwa mikono miwili, mashavu yamemjaa, anataka kupasuka.

"Heriel," alisema kwa sauti ya kuombea maji. "Kaka yangu. Hii naweza kuisema?"

Heriel alifikiri kwa muda mrefu, akafurahia kumwona anateseka.

"Sema," alisema mwishowe. "Ila jina la mume usilitaje."